Jeraha Husemwa na Aliyekubeba

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba mfupa ukawa mgumu, kisha kwa huruma yake akauwekea njia ya kuunga pale unapovunjika. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, na kila aliyewahi kumbeba mwenzake njiani. Namshukuru Mola kwa macho haya, ingawa siku hizi yanaona ukungu mwingi, na kwa mkono huu ambao bado unashika kalamu.

Wajukuu zangu, na nyinyi vijana mnaoanza kazi za ofisi, mimi nilikuwa karani wa masjala. Masjala ni chumba cha mafaili. Nilikaa ndani ya chumba hicho katika ofisi moja ya serikali hapa Bukoba tangu nikiwa na nywele nyeusi hadi ndevu zangu zikawa kama pamba. Leo mnabonyeza kitufe na jina la mtu linatokea. Sisi tulikuwa tunanyanyuka, tunatembea kati ya rafu, tunasikiliza. Ndiyo, tunasikiliza. Mvua ya Bukoba ikipiga bati, mle masjala ulikuwa unahisi kama mafaili yanapumua.

Aliyenifundisha kazi ni mama mmoja mkuu wa masjala, Ma Koku. Siku yangu ya kwanza aliniambia, "Zuberi mwanangu, faili ni mtu aliyelala. Ukilifungua, lifungue kama unavyoingia chumba cha mgonjwa."

Nikacheka. Hakucheka.

Alinifundisha kuweka gunia la mkaa chini ya rafu ili linyonye unyevu, na kutandaza karatasi barazani jua likitoka. Alinionya pia nisikaushe karatasi kwa pasi. Lakini kijana huwa haambiliki. Barua moja yenye muhuri ilipoloa, niliichukua nyumbani Kashai nikaipiga pasi. Muhuri ukahamia kwenye pasi. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, nikaipiga kanzu yangu kwa pasi ileile bila kuiangalia. Nilipofika msikitini wazee wakanitazama kifuani. Mmoja akasema, "Mashallah, Zuberi leo ameidhinishwa." Jina hilo la Aliyeidhinishwa nililibeba mwaka mzima.

Nacheka hilo la kanzu. Lipo kosa jingine ambalo sikulicheka, na ndilo lililonifanya nikae niandike.

Muda mfupi kabla sijastaafu ilifunguliwa orodha ya wanajeshi waliojeruhiwa katika ile vita ya mpakani, ambao hawakuwahi kutambuliwa rasmi. Walitakiwa walete maelezo yao. Atakayekubaliwa angepewa cheti na nishani, na jina lake lingesomwa uwanjani mbele ya watu. Mezani kwangu wakaanza kuja wazee, mmoja mmoja, wengine na magongo. Walikaa kwenye benchi wakingoja zamu.

Asubuhi moja yenye ukungu akaja Ta Rwegasira, Ta yaani baba kwa Kihaya, kutoka Kishanda, kule Muleba. Alikuwa mzee mrefu, koti lake limefungwa vifungo vyote, mguu wa kushoto ukiburuta nyuma. Alishikwa mkono na binti yake, Asimwe, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu.

"Karani, shikamoo," Asimwe alisema. "Nimemleta baba. Daktari anasema moyo wake umechoka. Tunaomba jambo hili limkute hai."

"Marahaba, mama. Mnataka mafao?"

"Hapana. Tunataka iandikwe tu." Akainama karibu na sikio langu. "Pale nyumbani kuna mfenesi. Majirani wanasema baba hakuumia vitani, wanasema alianguka kwenye mfenesi akiwa amelewa. Mimi shuleni nilikuwa naitwa Binti Fenesi. Hata wajukuu zake sasa wanaitwa hivyo."

"Na yeye anawajibu nini?"

"Hajibu. Hajawahi kunieleza hata mimi."

Karatasi za hospitali ya vitani zilikuwa zimepotea. Daktari wa sasa aliandika kwamba mguu ulivunjika zamani, sababu haijulikani. Kwa hiyo kila kitu kiliegemea pale fomu iliposema: eleza kwa maneno yako mwenyewe ulivyojeruhiwa.

"Haya, Ta," nikamwambia, "tueleze."

Mzee akasimama. Akaishika fimbo yake kama mkuki, akapiga sakafu mara moja, na wapiga chapa wakaacha kupiga chapa. Alisema kwa Kihaya, sauti ikitoka mahali pa mbali, nami nikaandika kwa Kiswahili neno baada ya neno:

"Mimi Asiyeyumba, nilisimama na Wasiorudi Nyuma. Kilima kilinguruma, nami nikakingurumia. Chuma kilikuja kuniamkia, nikakiitikia marahaba. Sikuumia. Sikuanguka. Ardhi ndiyo iliyoinuka kuja kunisalimu."

Akakaa. Watu kwenye benchi wakapiga makofi. "Kasinge, waitu!" wakasema, yaani hongera, bwana wetu.

Mimi nililelewa katika chuo cha Kurani. Marehemu baba yangu, ambaye wazee wake walitoka pwani, alinifundisha kwamba ushahidi wa mtu ni amana: hupunguzi, huongezi. Nikamsomea mzee maelezo yake. Akasema, "Umeandika vizuri. Usiondoe hata neno." Akatia sahihi.

Asimwe alinitazama kwa wasiwasi. "Karani, hayo yatatosha?"

"Ni maneno yake mwenyewe," nikamjibu kwa fahari, "na fomu inataka maneno yake mwenyewe."

Jibu lilirudi msimu wa mvua. Nalikumbuka lilivyokaa mkononi mwangu, jepesi kama jani kavu la mgomba. Lilisema mwombaji mwenyewe anakiri kwamba hakuumia wala hakuanguka, na kwamba mguu unaweza kuvunjika katika ajali ya kawaida. Ombi limekataliwa, isipokuwa apatikane mtu aliyekuwepo, atoe ushahidi kabla mvua hazijaisha, maana baada ya hapo orodha itafungwa.

Ajali ya kawaida. Yaani mfenesi.

Nilipanda bodaboda hadi Buhembe kwa Ma Koku, ambaye alikuwa ameshastaafu. Nilimkuta barazani anachambua maharage. Nilimpa nakala ya maelezo. Akasoma, akaweka ungo chini.

"Mawe!" akamaka kwa Kihaya. "Zuberi, umeandika ekyebugo kwenye fomu ya serikali!"

"Ndiyo nini hiyo?"

"Umezaliwa Bukoba, unakula ndizi zetu, hujui ekyebugo?"

"Mimi mtu wa Kashai, Ma Koku. Nyumbani kwetu tulisoma kasida."

Akanieleza polepole, kama alivyonieleza mkaa na unyevu. Zamani mtu akirudi vitani, alisimama mbele ya mfalme akajisifu kwa ekyebugo. Katika ekyebugo mtu hasemi niliumia. Ni aibu. Anajiita Asiyeyumba, hata kama amebebwa kama mzigo wa kuni. Na kila anayesikiliza anajua hivyo, kwa hiyo hakuna anayedanganywa.

"Basi jeraha lake linajulikanaje?"

"Analisema aliyekuwa ubavuni kwake. Mwenyewe anajisifu, mwenzake anasema damu. Wewe umempeleka mzee nusu mtu." Akainua ungo wake. "Kamtafute huyo mwenzake. Na kwanza uende kwa mzee ukaseme kosa lako. Usimtume mtu."

Nilikwenda Kishanda. Njia ilikuwa na utelezi, na migomba pande zote mbili ilikuwa inanong'ona kama waumini kabla ya swala. Nyumbani kwa Ta Rwegasira walikuwa wametandika nyasi mpya sakafuni. Asimwe akapiga magoti kunisalimu, akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Nikachukua punje mbili, nikazitafuna, na uchungu wake ukanisaidia kusema.

"Ta, ombi limekataliwa. Kosa ni langu. Niliandika ulimi wako, sikuuliza mguu wako."

Kupitia mlangoni niliuona ule mfenesi, mkubwa, umebeba mafenesi kama watoto mgongoni. Jirani mmoja alikuwa anapita njiani, akaita kwa sauti, "Ta Rwegasira! Mafenesi yameiva, lakini usipande, mwachie mjukuu!" Akacheka na kuendelea na safari yake. Mzee hata hakugeuza shingo.

"Ta," nikasema, "nani alikuwa ubavuni kwako?"

"Magesa. Mtu wa Musoma, mvuvi. Alinifikisha kwa waganga wa jeshi, akarudi mbele. Sikumwona tena. Waliorudi mbele siku ile wengi hawakurudi." Akatazama nje. "Nadhani amekufa. Mimi nilimwombea Mungu kama marehemu, miaka yote hii."

"Na mwenyewe huwezi kusema kidogo tu? Mahali risasi ilipopita?"

Akanitazama kwa upole, kama mtu anayemwangalia mgeni aliyekosea mlango. "Karani, wewe unaweza kujisalia jeneza?"

Nikarudisha kalamu mfukoni.

Sasa, vijana, nawapa ujuzi mmoja ambao hamtaupata chuo chochote. Mtu wa ziwani hatafutwi kwa barua. Anatafutwa kwa wauza dagaa. Sokoni, nilikwenda kwa akina mama wanaoleta dagaa kutoka visiwa vya Muleba, nikauliza kama kuna mzee Magesa aliyewahi kuwa mwanajeshi. Wa kwanza hakumjua. Wa pili hakumjua. Wa tatu alikuwa anapepeta, hakuinua hata uso.

"Magesa yule wa hadithi ya Mhaya?"

"Hadithi gani?"

"Ya Mhaya aliyekuwa anaimba mgongoni. Kila mgeni akifika kisiwani lazima amsimulie. Sisi tumechoka nayo!"

Nilihisi miguu yangu haigusi ardhi. Nikamshukuru Mungu pale pale, kati ya magunia ya dagaa.

Siku mbili baadaye nikapanda mtumbwi wa injini kwenye mwalo wa wavuvi, fomu zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni kifuani kwangu. Mimi sijui kuogelea. Nilisoma dua ya safari, nikaisoma tena, na ukungu ukatufunika hadi sikuona maji wala mbingu. Nilisikia injini tu, na ndege fulani. Hadi leo nikisinzia baada ya Alasiri huwa najikuta mle kwenye weupe ule, sina umri, sina jina, nimebeba karatasi ya mtu. Halafu kisiwa kikatokea, na ufuko wote ulikuwa unametameta kwa dagaa walioanikwa, kana kwamba mtu alikuwa amevunja kioo kikubwa akakitandaza.

Mzee mfupi mwenye mabega mapana alikuja kunipokea. Aliitazama kofia yangu, kisha kanzu yangu.

"Ostadhi, umetapika mara ngapi?"

"Mara mbili tu."

"Basi wewe mwanaume. Karibu. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Rwegasira wa Kishanda anakusalimu."

Alikuwa ameshika ndoo. Aliiweka chini kwa uangalifu, kama yai. "Rudia."

Nikarudia. Magesa akakaa mchangani. Wanawake waliokuwa wanageuza dagaa wakasimama kumtazama. Alichukua mchanga kiganjani, akauacha umwagike.

"Yuko hai," akasema. "Yule mpiga kelele yuko hai."

Safari hii nilijua kazi yangu. Sikumwuliza Rwegasira aliumia vipi. Nilimwuliza, "Siku ile ulikuwa umebeba nini?" Jifunzeni swali hilo. Mtu aliyeona makubwa hawezi kuanza na makubwa. Anza na alichokuwa ameshika.

"Nilikuwa nimebeba sanduku la risasi," alisema Magesa. "Nikalitupa, nikambeba yeye. Ilimpata hapa, chini ya goti, mguu wa kushoto, mfupa ukatoka nje. Nikamweka mgongoni. Unajua alifanya nini? Akaanza kujisifu! Kwa sauti! Mimi Asiyeyumba, mimi sijui nani. Nikamwambia, wewe Mhaya, nyamaza, tutauawa! Akasema, mimi ndiye Nisiyenyamaza. Nikamwambia, basi jisifu polepole. Akajisifu polepole, sikioni mwangu, njia nzima, hadi kwa waganga. Sikuelewa hata neno. Lakini kila aliponyamaza niliogopa kwamba amekufa, nikamtikisa nikamwambia, endelea."

Akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Mimi ndiye niliyemwambia endelea, Ostadhi. Andika hivyo."

Niliandika hivyo. Nilimsomea, akatia sahihi. Alipoinua tena ndoo yake, niliona anatumia mkono wa kulia peke yake, na bega la kushoto limeinama kidogo. Nikauliza.

"Nyavu," akasema. "Nyavu zinazeesha."

Sikuuliza zaidi. Nilikuwa nimejifunza.

Ushahidi wa Magesa ulifika kabla mvua hazijaisha. Niliupeleka mwenyewe kwa mkono. Wala sikuupiga pasi.

Siku ya nishani uwanja wa Bukoba ulikuwa umefunikwa na ukungu kutoka ziwani, hata bendi ilisikika kabla haijaonekana. Jina la Ta Rwegasira liliposomwa, alitembea bila fimbo. Aliliegemea bega la kulia la mtu mfupi mpana. Nilikuwa nimewakutanisha asubuhi ile getini. Hawakukumbatiana wala hawakulia. Magesa alisema tu, "Umenenepa, singekuweza leo," na Rwegasira akamshika mkono asiuachie.

Afisa alimvika nishani, akamwambia, "Mzee, sema neno."

Sisi tuliomjua tulijiweka tayari kwa ekyebugo. Asimwe alikuwa ameshaziba mdomo kwa kanga. Lakini mzee alisema kwa Kiswahili, taratibu:

"Juu yangu sina la kusema. Huyu alinibeba. Alikuwa na chuma ndani ya bega la kushoto wakati ananibeba, na nadhani bado kimo. Damu yake ilikuwa inanimwagikia shavuni, ya moto kuliko yangu. Hajawahi kusema. Mimi ndiye niliyekuwa ubavuni kwake. Mwandikeni."

Magesa alikuwa anatazama viatu vyake. Mimi, Mungu anisamehe kwa kujisifu, nilikuwa na fomu tupu mfukoni. Ile ilikuwa fomu ya mwisho niliyoijaza kabla ya kustaafu, na jibu lake lilikuja, ingawa lilichukua muda, maana ilibidi orodha ifunguliwe upya kwa ajili yake. Cheti cha Magesa kiko kisiwani, kimewekwa ndani ya nailoni kwa sababu ya upepo wa ziwa. Wauza dagaa wananiambia sasa hadithi yake imekuwa ndefu zaidi, na wamechoka maradufu.

Alasiri ya siku ile tulikwenda Kishanda sote. Majirani walikuwa wamejaa uani, hata yule wa mafenesi, amevaa koti. Nyasi zilikuwa zimetandikwa, kahawa ikazunguka. Kisha Magesa akasimama mbele yao, akasema mguu, mfupa, na mgongo wake mwenyewe ulivyolowa. Alisema kwa Kiswahili cha ziwani, na yule jirani akamtafsiria bibi mmoja asiyesikia vizuri, neno kwa neno, kwa sauti ya juu. Alipofika kwenye mfupa sauti yake ikakatika. Akaenda hadi alipokaa Ta Rwegasira, akainama.

"Kasinge, waitu," akasema.

"Kasinge," mzee akajibu, basi.

Ta Rwegasira aliishi misimu mitatu ya kahawa baada ya hapo, na amelala kwenye kibanja chake, kati ya migomba. Wajukuu zake sasa shuleni wanaitwa kwa majina yao. Mimi pia nimesahau mengi ya masjala: namba za mafaili, nyuso za wakubwa, hata harufu ya wino. Lakini jioni ya siku ile haijanitoka. Watu walikuwa wanakula, jua linatoboa ukungu kidogo. Nikamwona mzee anainuka peke yake, nishani kifuani, anaburuta mguu kuvuka ua. Nilimfuata kwa mbali, nikihofia moyo wake.

Alifika kwenye mfenesi. Akaweka kiganja juu ya gome lake, kama unavyoweka mkono begani kwa mzee mwenzako.

"Nisamehe," akauambia. "Umesingiziwa miaka mingi, na mimi nilikuwa najua."

Ewe unayesoma, Mwenyezi Mungu akupe mwenza wa kulisema jeraha lako, na akupe masikio ya kulisikia la mwenzako. Akulinde ulimi wako usisingizie mtu wala mti. Na siku ambayo miguu yako itagoma, akuletee mgongo mwema, na sauti sikioni ikikwambia, endelea. Amina.